Nywele za Kwenda Lodwar

Atieno nyathina, mwanangu,

Saa hizi uko Katito kwa dani yako, na kwa vile namjua mama yangu, anakufungia kuku ambaye hukumwomba na kukuombea maombi yasiyo na mwisho. Mambo ya kula vizuri, kuamka mapema, kuheshimu mwalimu mkuu na kutotembea usiku nimemwachia yeye. Atayasema yote, halafu atayaanza tena upya. Mimi nimebaki hapa saluni Migosi na mteja mmoja tu chini ya draya, na nimeamua kukuandikia kabla hujarudi jioni. Kesho kwenye basi nitalia, najijua, na hakuna la maana litakalotoka mdomoni mwangu. Barua nitaiweka juu ya sanduku lako. Usome leo, usingoje kufika Lodwar, kwa sababu kuna kazi ndani yake ambayo lazima tuifanye kabla hujasafiri.

Ni kuhusu nywele nilizokushonea jana.

Nilikuambia nimezishona zikae mpaka likizo ya Aprili, urudi nyumbani nizifumue mwenyewe. Ukasema sawa, Mama. Sababu yenyewe sikukuambia. Sababu ni kwamba sitaki mtu mwingine akushike kichwa. Basi, nimeisema. Mtu mzima, mwenye saluni yake, nina wivu na kichwa cha binti yangu kama mke anayemlinda bwana kwenye disko. Cheka kwanza, halafu urudi kwenye barua.

Nywele zenyewe ni nzuri, na hapo sina wasiwasi. Ni nywele za binadamu, si zile za plastiki zinazong'aa kama kamba ya manila. Ukizitunza utazivaa, utazifumua, utazishona tena na tena, na zitakuwa bado zinapepea wakati wanafunzi wako wa kwanza wamemaliza shule. Lakini zina roho nyepesi. Mimi nilijua hivyo kwa aibu, mbele ya kanisa zima.

Hii hadithi umeisikia kwa baba yako, na baba yako ni mwongo wa kuzaliwa, kwa hivyo sikiliza ilivyokuwa kweli. Nilikuwa msichana, naishi kwa shangazi yangu kule Dunga, yeye anakausha omena, wale dagaa wa ziwani, na mimi najifunza kusuka. Nilikuwa nimepata nywele zangu za kwanza za maana, na binamu yangu alikuwa anaolewa Jumamosi, mimi ndiye msimamizi wake. Ijumaa nikazifua. Sasa unajua sisi watu wa ufukweni, kitu kikiwa kimelowa tunakitandaza kwenye wavu kuukuu juu ya mchanga, kiwe omena, kiwe mihogo, kiwe shuka la mtoto. Shangazi alikuwa ameshazoa omena wake, wavu umebaki mtupu, na mchanga una moto wa kuivisha yai. Nikatandaza nywele zangu pale. Zilikauka haraka mpaka nikajisifu kwa akili niliyopewa na Mungu.

Jumamosi kanisa likajaa. Mabati yakapata joto, na kichwa changu nacho kikapata joto. Katikati ya wimbo wa pili nikaanza kusikia harufu, nikamgeukia mama aliyekaa karibu nami na kumtazama kwa jicho baya kabisa, maskini, mtu wa watu hakuwa na kosa. Halafu paka akaingia. Alipita bibi harusi, akapita bwana harusi, akapita wazee wa kanisa, akaja kukaa miguuni pangu na kunitazama juu kwa heshima kubwa. Mchungaji akanyamaza. Na kwenye ukimya ule kijana mmoja mrefu wa benchi la nyuma akamuuliza mwenzake, kwa sauti aliyodhani ni ndogo, "Kwani chakula kiko tayari?"

Ndivyo nilivyokutana na baba yako. Siku hizi akiisimulia anasema paka walikuwa watatu. Alikuwa mmoja.

Kwa hivyo nywele zinakumbuka mahali zilipolala, Atieno. Hizi za watu hunyonya kila kitu, na hazina mafuta ya kichwa ya kujitetea nayo. Jua la Lodwar ni kali kuliko mchanga wa Dunga, basi usizianike juani hata siku moja, zitakuwa majani makavu. Zikishalowa, zikamue kwa taulo kwa kubana tu, bila kusugua, halafu ukae kivulini penye upepo. Na zikiwa bado zimeshonwa kichwani, kinachohitaji kukauka zaidi ni mistari iliyo chini yake. Wengi hukausha za juu, wakajiona wamependeza, kumbe chini pale maji yamelala, na baada ya siku chache kichwa kinanuka kama kitambaa cha jikoni. Changanya shampuu na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, umimine katikati ya mistari, ukune kwa nyama za vidole, si kwa kucha, kisha uache povu lijishukie lenyewe mpaka kwenye ncha. Usizikusanye juu ya kichwa ukazifikicha kama unafua soksi. Unajua haya yote, umekulia hapa. Nayasema kwa sababu mkono wangu umezoea kuyafanya wakati wewe umefumba macho, na sina hakika kama uliwahi kuangalia.

Mteja aliye chini ya draya ni Nyar Sondu, yule mama wa duka la nafaka ambaye tunamwita hivyo kwa sababu kwao ni Sondu. Ameniuliza ninaandika nini kirefu namna hii, kama ni kesi. Nimemwambia namwandikia Atieno habari za nywele. Ametoa kichwa nje ya draya akasema nikukumbushe kulala na kitambaa cha satini, na kuzisuka mikia miwili kabla ya kulala, kwa sababu msichana wake alikuwa anajitupa tu kitandani na nywele zikawa zimekunjamana kama kiota. Nimemwambia wewe ni mtoto wa saluni, unajua. Amesema hata mtoto wa mvuvi huzama. Basi nimeandika, ili arudishe kichwa ndani akauke.

Sasa nikuambie kuhusu pale juu ya sikio langu la kushoto. Ukiwa mdogo ulikuwa ukipapasa pale kwa kidole na kuuliza nani alifuta hapo. Nilikuwa nakujibu kwamba ni Mungu alikosa wino. Ukweli ni kwamba ni mimi mwenyewe.

Baada ya ile harusi nilizifua zile nywele kwa sabuni, kwa siki, kwa limau, mpaka harufu ikaisha, na nikaapa kwamba sasa nitazitunza kuliko macho yangu. Nikashonewa Kisumu, zikatulia vizuri, zikanipendeza mno. Na kwa kuwa zilinipendeza, sikuzitoa. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nalala nimekaa nusu. Nilikuwa nikikimbia mvua kama chumvi. Watu walikuwa wakinisifu, wakisema huyu msichana anajua kutunza, tazama zilivyokaa, na mimi nikaona kumbe hii ndiyo kazi niliyoitiwa duniani. Chini kule nywele zangu zilikuwa zinakua, zinajifunga, zinavutwa, na pembeni kulikuwa kunawasha. Nilikuwa napiga-piga kwa kiganja na kuendelea na safari.

Nilipokwenda Katito kumsalimia dani yako, alinikuta sokoni napiga-piga kichwa. Alinikalisha juu ya gunia la mahindi, akaazima wembe kwa muuza samaki, akaanza kufumua. Ilichukua alasiri nzima, na kila aliyekuja kununua nyanya alisimama kutoa maoni. Dani alikuwa akizikata nyuzi na kuniwekea nywele mapajani, safi, ndefu, hazina kasoro. Alipofika pembeni akauweka wembe chini. Kisha akasema:

"Nywele za watu zimekaa. Zako ziko wapi?"

Nilipapasa juu ya sikio nikakuta ngozi tupu, laini kama ya mtoto mchanga. Nililia pale sokoni, na dani akacheka, halafu akalia kidogo yeye pia, halafu akaninunulia chapati. Hazikurudi. Nimekuwa msusi wa namna hii kwa sababu ya mahali pale. Kila msichana anayekaa kwenye kiti changu namuuliza kama inauma, na akisema haiumi namuuliza tena, kwa sababu wasichana hudanganya wakitaka kupendeza.

Kumbuka hilo la kuuliza, kwa sababu tutalirudia sasa hivi.

Kwanza nikuambie ninachokikosa hata kabla hujaondoka. Jumapili tukitoka kanisani ulikuwa unakaa kwenye kigoda katikati ya magoti yangu, umekasirika, umekunja shingo kama kobe, na kila nikikuchana unapiga yowe kabla kitana hakijagusa. Halafu polepole, kati ya mstari wa pili na wa tatu, ulikuwa unaanza kuongea. Uliniambia mambo yako yote kwa kisogo. Kwamba hesabu zimekushinda. Kwamba rafiki yako amekuhama. Kwamba hutaki kuwa daktari anavyotaka baba yako, unataka kufundisha. Macho kwa macho hukuwahi kuniambia hata kwamba una njaa.

Nilijifunza kwa shida kwamba siri yake ni mkono. Ukiniambia jambo zito, mkono uendelee kusuka kama vile umeniambia bei ya sukari. Nilikosea mara moja, uko kidato cha tatu, uliponitajia yule kijana wa Nyalenda. Mkono ulisimama. Sikusema neno, mkono tu ulisimama, na wewe ukanyamaza, na nilisuka kichwa kimya mpaka mwaka ukaisha. Siku uliyoanza tena kuongea, ukinisimulia tu jinsi mwalimu wenu alivyokanyaga ndoo, nilikuwa na furaha mpaka nikapotoka mstari na ikabidi nifumue. Utakuwa na watoto wa watu darasani, Atieno. Wakikuambia kitu, mkono wako usisimame.

Sasa njoo kwenye safari yako ya kwanza ya Lodwar, ulipokwenda kuripoti shuleni na kutafuta nyumba. Uliondoka hapa na nywele zako mwenyewe, nimezichana na kuzifunga nyuma. Ukarudi na furaha, unasimulia joto, unasimulia mbuzi wa kuchoma, unasimulia Mama Ekai mwenye nyumba uliyopata, jinsi alivyokupa chai na kukucheka unavyotembea kwenye mchanga. Nywele zilikuwa zimefungwa nyuma vilevile nilivyozifunga mimi.

Lakini mimi ni msusi, nyathina. Nywele zilizosukwa zikafumuliwa huwa na mawimbi, na zako zilikuwa na mawimbi kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. Ulipoinama kuvua viatu nikaona ngozi ya kichwa, na njia za mistari zilikuwa bado zinaonekana. Kuna mtu alikuwa amekukalisha chini akakusuka. Na wewe ulikuwa umekaa kwenye basi ukifumua mstari mmoja mmoja, ukazichana, ukazifunga, ili mimi nisijue.

Nilikwenda jikoni nikasimama. Niliumia, siwezi kukudanganya. Niliumia kwanza kwa kuwa umesukwa, halafu nikaumia zaidi kwa kuwa ulifumua. Nikafikiria mtoto wangu kwenye basi, barabara yote kutoka Kitale, anaharibu kazi nzuri ya mtu kwa kuogopa kuuumiza moyo wa mama yake. Baba yako aliniuliza kwa nini natazama sufuria ambayo haina kitu ndani.

Ungedhani baada ya hapo nilipata hekima. Hapana. Nilipata sindano. Jana nilipokukalisha nikushone, nilikuwa na nia moja tu, kwamba hizi zikae mpaka Aprili na huyo Mama Ekai asipate hata pa kuingiza kidole. Nilisuka mistari ya chini nikaikaza. Nikashona mishono myembamba, karibu karibu, uzi mara mbili. Nilipofika pembeni ukasema, "Mama, hii inanivuta mpaka macho," na mimi, ambaye nimeuliza wasichana wote wa Migosi kama inauma, nikakujibu, "Ndiyo ikae." Kisogo chako hakikuniambia kitu tena mpaka tukamaliza.

Leo asubuhi nimekuona ukipiga-piga kwa kiganja, pale pale juu ya sikio, ukidhani sioni. Tangu hapo sijafanya kazi ya maana. Nimemchoma Nyar Sondu sikio kwa maji ya moto nikimwosha, na amenisamehe kwa sababu yeye pia ana binti.

Kwa hivyo kazi yetu ni hii. Ukishasoma, njoo ukae kwenye kigoda. Nitafumua pembeni zote, mbele na juu ya masikio, nisuke upya kwa mkono mwepesi na kuacha zile nywele ndogo za ukingoni nje kabisa, hazijaguswa. Tukimaliza unatakiwa uweze kuinua nyusi na kucheka bila ngozi kuvutwa. Ikikuvuta hata kidogo uniambie, na usinionee huruma.

Na Aprili isahau. Hakuna nywele za kushonea zinazopaswa kukaa kichwani mpaka Aprili. Februari ikiisha, ziondoe. Huwezi kuzifumua mwenyewe, huoni nyuma, utakata za kwako. Mpe Mama Ekai kichwa. Mwambie aanze kisogoni kwenye fundo la mwisho, akate uzi tu, na asivute mpaka ahakikishe uzi umetoka. Nywele uzifue, zikauke kivulini, uzichane kuanzia kwenye ncha kupanda juu, kisha uzikunje ndani ya kitambaa safi cha pamba. Kichwa chako kipumzike. Kioge, kipakwe mafuta kidogo, si mengi, maana vumbi la huko litakupenda. Kisukwe mistari ya kawaida bila kitu cha kuongeza, wiki kadhaa, kipumue. Halafu mkitaka kuzirudisha, mwambie jambo moja ambalo wasusi wengi hawalijui: sindano isiutoboe ule ukanda ulioshikilia nywele. Uzi uuzunguke. Ukitobolewa, kila shimo hutoa nywele, na hizo ndizo utakazokuta kwenye mto kila asubuhi ukidhani unaugua. Ukizungushiwa, zitadumu mpaka uchoke nazo.

Na akiwa anakusuka, ongea naye. Hili ndilo lililonitoa jasho kuandika, nimelizunguka tangu mwanzo wa barua. Kutakuwa na siku mbaya huko, siku mwalimu mkuu atakukaripia au malaria itakushika au utakumbuka tu nyumbani bila sababu, na simu haitatosha, kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia uko sawa. Kaa chini, umpe kisogo, umwambie. Kama ni mwanamke mwenye akili mkono wake hautasimama. Sitakosa kitu. Nilidhani nitakosa, nimekaa hapa mchana kutwa nikijaribu kuona ni kitu gani kitapungua kwangu, na sijakiona. Ninachoona ni wewe umekaa kivulini huko mbali, umekunja shingo kama kobe, unacheka.

Nyar Sondu amekauka, lazima nimtoe. Nasikia pikipiki nje, labda ni wewe.

Ukifika Lodwar msalimie Mama Ekai kabla hujafungua mizigo. Mwambie mama yako ni msusi wa miaka mingi. Mwambie ameiona ile kazi yake, na amesema mistari ilikuwa imenyooka.

Mama yako